TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 12: Paka mzee, vipaka wageni na kiroba



Ndugu zangu katika imani, wa hapa Mikese na nyinyi mlio mbali mnaotusoma kwenye chaneli hii, alhamdulillahi. Kumi la kwanza limeshatupita kama upepo, tumo ndani ya kumi la pili. Allah atukubalie tulichotanguliza na atutie nguvu kwa kilichobaki.

Leo tuna swali. Dada yetu mmoja alilileta baada ya darsa ya Alasiri, akaturuhusu tulijibu hapa bila kumtaja. Wengine mtacheka mkilisoma, lakini hebu lisomeni hadi mwisho.

Nyumbani kwao wana paka jike wa miaka kumi na moja. Panya walipozidi stoo na kuanza kutoboa magunia ya mahindi, wakaona bibi huyu hana tena mbio za kuwakamata, wakachukua vipaka wawili kwa jirani. Wiki za mwanzo yule mzee aliwafokea tu na kuwapisha. Lakini tangu Ramadhani ianze imekuwa vita. Jioni watu wakiandaa futari, paka wanararuana jikoni. Kipaka mmoja amechanika sikio. Mtoto wa nyumbani alitia mkono kuamua ugomvi, akakwaruzwa. Sasa baba mwenye nyumba amekata shauri: paka mzee atiwe kwenye kiroba, apewe dereva wa lori pale barabara kuu, akamshushe huko mbele ya Chalinze. Dada anauliza: je, hapo kuna dhambi? Na swaumu yetu je?

*Jibu fupi:* Ndiyo, kumtupa mnyama mzee namna hiyo ni dhulma. Swaumu haibatiliki kiasi cha kulipa siku, lakini swaumu haikuja kutuachisha wali na maji peke yake. Mtume (S.A.W.) ametutahadharisha kwamba wapo wanaofunga na wasipate katika funga yao ila njaa. Mtu anayejizuia kula tangu alfajiri kwa ajili ya Allah, kisha saa kumi jioni akafunga mdomo wa kiroba chenye kiumbe hai ndani, ajiulize amebakiwa na nini mkononi.

Jibu refu ndilo lenye faida, twende nalo taratibu.

*Kwanza: paka kwa Muislamu ni wa nyumbani.*

Imepokewa na Abu Dawud, Tirmidhi na wengineo kisa cha swahaba Abu Qatada (R.A.). Mkwewe, Kabsha bint Ka'b, alimwekea maji ya udhu. Akaja paka anataka kunywa. Abu Qatada akakiinamisha chombo ili paka anywe vizuri mpaka atosheke. Yule binti akabaki anamtazama. Abu Qatada akamweleza kuwa Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba paka si najisi, bali ni katika wale wanaotuzunguka-zunguka majumbani mwetu.

Litazameni neno hilo la kuzunguka. Kwenye Suratun Nur, aya ya 58, Qur'ani inalitumia kwa watumishi na watoto wa ndani, wale wanaoingia na kutoka vyumbani kwetu kwa sababu ni wa humo humo. Kwa hiyo Mtume (S.A.W.) alipomtaja paka alitumia lugha ya watu wa nyumbani. Na mtu wa nyumbani, jamani, hatupwi kwa kosa la kuzeeka.

*Pili: yule mwanamke wa paka.*

Hadithi hii wengi tunaijua, iko kwa Bukhari na Muslim. Mwanamke aliadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia mpaka akafa. Kosa lake limetajwa kwa sehemu mbili: hakumlisha wala kumnywesha alipomfungia, na hakumwachia akajitafutie vijidudu vya ardhini. Yaani alikuwa na milango miwili ya kutokea, akaifunga yote.

Hapa ndipo baba mwenye nyumba anaweza kusema: “Ustadh, mimi sitamfungia. Mimi namwachia huru, akale panya huko mbele.”

Tulitazame neno hili kwa uadilifu. Paka kijana, mwenye meno na miguu, ukimwacha aende shambani anaweza kweli kujilisha. Lakini paka huyu mmemletea wasaidizi kwa sababu gani? Kwa sababu hawezi tena kukamata panya! Nyinyi wenyewe mmeshatoa ushahidi. Sasa panya aliyemshinda ndani ya stoo anayoijua kwa miaka kumi na moja, atamkamata vipi kwenye pori asilolijua, lenye mbwa na paka wengine wenye eneo lao, kando ya barabara ambayo malori hayakomi usiku na mchana? Kumwacha mnyama mahali asipoweza kujilisha hakuna tofauti na kumfungia bila chakula. Mlango ni ule ule, umefungwa kwa upande wa nje tu.

Wanachuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafi wamelieleza jambo hili: mwenye mnyama yuko chini ya wajibu wa kumlisha na kumnywesha, na wajibu huo hauondoki mnyama anapokuwa hana tena faida. Akishindwa, ampe mwenye uwezo wa kumtunza. Hiyo ndiyo njia ya halali. Kama kuna jirani, shangazi au mzee anayeishi peke yake anayempenda paka huyu na kukubali kumlisha, mpeni mkono kwa mkono. Dereva anayemshusha gizani kisha akaondoka hajapokea dhamana yoyote.

*Tatu: paka hana Ramadhani.*

Dada amesema vita imezidi “tangu Ramadhani ianze”. Sentensi hiyo ina jibu ndani yake.

Siku za kawaida jikoni mnapika mchana. Paka anapata ukoko wa ugali, kichwa cha dagaa, mfupa. Ikifika jioni hana njaa kali. Ramadhani mchana jiko ni baridi. Hakuna anayekula, basi hakuna anayekumbuka sahani ya paka. Kuanzia daku mpaka Magharibi wanyama watatu hawajatia kitu. Saa kumi na moja harufu ya samaki inaanza kutoka kwenye sufuria, wote wanakusanyika mahali pamoja, sahani ni moja, mmoja ni mzee anayetafuna polepole na wawili ni vijana wanaomeza bila kutafuna. Mlitarajia nini?

Tumewafungisha wasiofaradhishiwa. Sisi tumeamrishwa, tumenuia, na tuna malipo. Paka hana nia wala hesabu, yeye ana njaa tu. Basi kabla ya kusema paka mzee ana roho mbaya, tujiulize nani amepanga ratiba.

Imepokewa kwa Abu Dawud kwamba Mtume (S.A.W.) aliingia kwenye bustani ya mtu katika Answari, akamkuta ngamia. Ngamia alipomwona alitoa sauti ya huzuni na macho yake yakachuruzika machozi. Mtume (S.A.W.) akampangusa mpaka akatulia, kisha akamuuliza mwenye ngamia kama hamwogopi Allah kwa mnyama huyu aliyemmilikisha, maana ameshtakia kushindishwa na njaa na kuchoshwa. Ndugu zangu, sisi hatufahamu lugha ya mnyama. Lakini kufoka, kujificha, kuparura na kukojoa pembeni mwa nyumba ni mashtaka vilevile. Kazi yetu ni kusikiliza.

*Nne: sababu nyingine za ugomvi.*

Njaa si sababu pekee. Ziko nyingine, na ni vizuri kuzijua.

Paka ni mnyama wa eneo. Stoo, dirisha, kona ya jua asubuhi, vyote anavihesabu kuwa vyake, na anavitambua kwa harufu. Vipaka wageni wameingia na harufu ngeni siku moja bila utangulizi. Kwake yeye ni uvamizi.

Kingine, kipaka anapenda mchezo. Anamrukia mwenzake mkiani, anamng'ata sikio, anamvizia mlangoni. Kwa kipaka mwenzake ni raha. Kwa bibi wa miaka kumi na moja ambaye viungo vinamuuma, ni bughudha tupu. Anaonya mara ya kwanza kwa kulaza masikio na kufoka, anaonya mara ya pili, ya tatu anapiga. Sisi tunaona lile pigo tu, tunasema mchokozi ni mzee.

La mwisho, huenda anaumwa. Paka hufanya siri kwenye maumivu. Ukimwona paka aliyekuwa mpole amebadilika ghafla, tazama: anadondosha mate? Anaacha chakula kigumu? Amekonda? Anachechemea, au ameacha kuruka mahali alipokuwa akiruka? Meno mabovu na viungo vinavyouma vinamfanya mnyama awe mkali hata kwa aliyemzoea.

*Tano: nini kifanyike.*

Haya hayahitaji fedha nyingi.

1. Walisheni asubuhi pia. Wakati wa daku tenga kidogo, ugali uliolainishwa kwa mchuzi wa dagaa usio na chumvi nyingi wala kitunguu, maana kitunguu kinamdhuru paka. Wapeni kabla hamjalala baada ya Alfajiri. Na jioni walisheni nusu saa kabla hamjaanza kuandaa futari, wasikutane na harufu ya samaki wakiwa na njaa.

2. Paka watatu, sahani tatu. Ziwekwe mbali, ikiwezekana wasionane wakila. Mzee apewe chakula laini, na alindwe mpaka amalize. Maji nayo yawe sehemu mbili.

3. Mzee apate mahali pake. Boksi lenye kanga kuukuu, kwenye kona isiyopitwa na watu, isiwe juu sana maana kuruka kunamuuma. Vipaka wapewe sehemu ya juu, juu ya magunia au kabati.

4. Kama vita ni kali, watenganisheni kwa muda. Mzee akae chumba chake, vipaka upande wao, kila upande una chakula, maji na beseni la mchanga. Mtu asiogope kuwa hii ndiyo ile hadithi ya mwanamke. Yule aliadhibiwa kwa kufungia na kunyima. Wanachuoni wameeleza kuwa kumweka paka ndani hakuna ubaya madamu analishwa na kunyweshwa. Kisha badilishaneni vitambaa: alicholalia mzee wapelekeeni vipaka, na chao mpelekeeni mzee, wazoeane harufu kwanza. Baadaye walisheni pande mbili za mlango uliofungwa. Wakitulia, ufungueni kidogo. Inaweza kuchukua siku, inaweza kuchukua wiki kadhaa. Subira ndiyo mtihani wenyewe.

5. Wachezesheni vipaka. Kamba na kitambaa mwishoni, dakika kumi kabla ya chakula. Wakichoka, hawatamsumbua bibi.

6. Wakipigana, usitie mkono. Piga makofi kwa nguvu, au pitisha kipande cha boksi au ungo katikati yao. Usimpige yeyote. Mnyama aliyepigwa wakati wa ugomvi hajifunzi adabu, anajifunza kwamba akimwona mwenzake maumivu yanakuja, na chuki inazidi. Na Mtume (S.A.W.) amekataza kumpiga mnyama usoni, hilo liko kwa Muslim.

7. Tafuteni mtaalamu. Afisa mifugo wa kata yuko, na mjini Morogoro kuna hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA. Msimpe paka Panadol hata akiwa anaonekana kuumwa vipi. Dawa hiyo ni sumu kwake, kidonge kimoja kinaweza kumuua.

8. Na yule mtoto aliyekwaruzwa: mwosheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha mpelekeni kituo cha afya leo hii, msingoje. Paka naye huweza kubeba kichaa cha mbwa. Ulizeni pia chanjo ya paka wenyewe kwa afisa mifugo.

Wapo watakaouliza kuhusu kuhasi. Wanachuoni wametofautiana hapo, tutalipa siku yake inshaallah.

*Sita: neno kwa vijana wetu.*

Tumeona paka wakipigana, kijana anatoa simu anarekodi, wenzake wanashangilia “Mpige! Mpige!”, kisha inawekwa status. Imepokewa kwa Abu Dawud na Tirmidhi kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kuwachochea wanyama wapigane wao kwa wao. Wapo wanachuoni walioizungumza sanadi yake, lakini maana yake inakubaliana na misingi yote ya dini yetu: maumivu ya kiumbe si burudani. Na ukiwa umefunga ndiyo zaidi. Weka simu chini, kaamue ugomvi.

*Saba: na sisi je?*

Ndugu zangu, siwafananishi wazee wetu na paka, haasha. Ila ukitazama jambo la nyumba hii, utaliona katika nyumba nyingi ambazo hazina paka hata mmoja.

Mtoto wa kwanza anaanza kumfinya mdogo wake aliyezaliwa. Tunamwita mkorofi. Hatusemi kwamba tangu mdogo afike hakuna aliyempakata.

Bibi ameletwa kutoka mlimani kuja kukaa na mwanawe. Wajukuu redio juu, televisheni juu, mbio ukumbini, sahani moja kubwa ya futari mikono sita ya haraka na mmoja wa polepole. Bibi akifoka, tunasema: uzee umemharibu. Wajukuu wakijibu, tunasema: watoto wa siku hizi. Hakuna anayejiuliza kama bibi ana kona yake ya kupumzika, kama meno yake yanaweza ule muhogo tuliomwekea, kama kuna kiungo kinachomuuma na anaona haya kusema. Qur'ani imetuamrisha kuwafanyia wema wazazi, na ikautaja uzee hasa, kwa sababu uzee ndiyo wakati wa kuchokana.

Na msikitini kwetu? Tarawehe hizi mmeona. Watoto wanakimbia safu za nyuma, mzee mmoja anageuka anafoka mpaka mtoto analia, kesho yake mtoto haji. Upande wa pili, mzee anachelewa kidogo kwa sababu ya magoti, anakuta vijana wamejaa pale penye nguzo anapoegemea, na hakuna anayenyanyuka. Imepokewa kwa Tirmidhi kutoka kwa Anas (R.A.) kwamba mzee mmoja alikuja akimtaka Mtume (S.A.W.), watu wakachelewa kumpisha. Mtume (S.A.W.) akasema maneno ambayo maana yake ni kuwa si katika sisi asiyewahurumia wadogo zetu na asiyewapa heshima wakubwa zetu.

Ona alivyoiweka mizani. Mzee hakupewa ruhusa ya kuwaumiza wadogo kwa sababu ya umri wake. Mdogo hakupewa ruhusa ya kumsukuma mzee kwa sababu ya nguvu zake. Na aliye katikati, mwenye nyumba, mwenye msikiti, mwenye sahani, yeye ndiye mwenye jukumu la kupanga mambo ili kila mmoja apate haki yake bila kupigania. Mara nyingi wanaogombana hawana tatizo wao kwa wao. Tatizo ni sahani moja, na mgawaji amelala.

Kiroba ni njia rahisi. Kinanyamazisha ugomvi jioni moja. Lakini nyumba iliyojifunza kutatua ugomvi kwa kumtoa dhaifu wake itakitumia kiroba tena, na siku hiyo hakitakuwa cha paka. Watoto wanatazama. Leo wanajifunza mzee akichoka anafanywa nini.

Basi, dada yetu, mfikishie mwenzio kwa upole, tena baada ya futari, si kabla. Mwambie tumempa salamu. Mwambie msikiti haumlaumu, maana amechoka na ametafuta amani ya nyumba yake, na hilo ni jema. Ila amani hiyo ina njia nyingine, na mwezi huu kila jema linaongezewa. Yule aliyemnywesha mbwa mwenye kiu alisamehewa. Vipi mwenye kumlainishia ugali paka kibogoyo kila daku kwa ajili ya Allah?

*Kazi ya leo kwa sote:*

▪️ Mwenye mnyama, wa ndani au wa bandani, ahakikishe amekula na kunywa kabla ya adhuhuri.
▪️ Mwenye mzee nyumbani, ampakulie futari yake kwanza, kwenye sahani yake, kitu anachoweza kutafuna.
▪️ Tarawehe ya leo, vijana tumpishe mzee mmoja. Wazee, tumshike kichwa mtoto mmoja kwa upole, tumwambie karibu.

Ewe Mola wetu, umetupa viumbe chini ya mikono yetu, usitufanye katika waliowadhulumu. Tupe subira njaa inapotubana na hasira inapotupanda. Wahurumie wadogo zetu, waheshimishe wazee wetu, na utakapotufikisha uzeeni utupe watu watakaotupisha. Tukubalie swaumu zetu na visimamo vyetu. Aamin.

Mwenye swali alilete baada ya darsa ya Alasiri, au aliandike kwa msimamizi wa chaneli. Ukiona ujumbe huu una faida, mfikishie na mwenzio.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.